Giza linawahi: baiskeli ya kazini na matembezi ya jioni majani yanapoanza kupukutika

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Naenda kazini kwa baiskeli, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, karibu zote kwenye barabara zenye taa. Natoka kazini saa kumi na moja na nusu jioni. Mara mbili kwa wiki, nikishakula, natoka tena saa moja na rafiki yangu kwa matembezi ya kujifurahisha, mzunguko wa kilomita 25 nje ya mji, kando ya mto na kupitia msituni. Sasa Septemba imeingia, majani yameanza kuanguka, na wiki hii tumerudi hatuioni njia. Nyumbani wananiambia nipumzishe baiskeli hadi majira ya machipuko. Je, niache? Kama siachi, ninunue nini kwanza? Rafiki yangu ana taa ndogo ya mbele tu, anasema yangu inatutosha wote wawili.

Jibu: Ndugu yangu, baiskeli ya kazini usiiache. Ya jioni nayo usiiache, ila ukiendelea nayo kama ilivyokuwa Julai utakuwa unajitafutia balaa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako limebeba mambo mawili ambayo watu wengi huyaona kuwa ni moja.

Safari ya kazini ina saa yake na njia yake, na njia yenyewe unaijua shimo kwa shimo. Huwezi kumwambia mwajiri kwamba jua limeanza kuwahi kuzama, kwa hiyo utakaojirekebisha ni wewe na chombo chako: taa, nguo, tairi, mwendo. Matembezi ya jioni hayana mwajiri. Saa ya kutoka, njia, urefu, siku, vyote viko mikononi mwenu. Hapo kinachopaswa kubadilika ni matembezi yenyewe. Ninachokiona kila mwaka ni kinyume chake: mtu anaiacha safari ya kazini kwa mvua ya kwanza tu, lakini mzunguko wake wa jioni anaung'ang'ania vile vile mpaka siku akoswekoswe na gari au aishie mtaroni.

Tuanze na jua, maana ndilo linalopanga ratiba. Aliyezoea kuishi karibu na Ikweta, ambako jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, hushangazwa na kasi ya jambo hili. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, tarehe 21 Juni jua hukaa juu kwa zaidi ya saa 16; tarehe 21 Desemba halifikishi saa 8 na nusu. Kushuka huko hakuendi kwa mwendo mmoja. Juni na Julai huoni tofauti. Lakini karibu na siku ambayo usiku na mchana hulingana, tarehe 22 au 23 Septemba, mchana hupungua kwa karibu dakika nne kila siku, na machweo peke yake huwahi kwa kama robo saa kila wiki. Piga hesabu: leo mnamaliza matembezi gizani. Baada ya wiki nne hivi, machweo yakiwa yamewahi kwa saa nzima, mtakuwa mnaanza matembezi gizani.

Safari yako ya kutoka kazini itafikwa na giza kwa namna nyingine kabisa. Hiyo itabaki na mwanga karibu Oktoba nzima, halafu saa zitarudishwa nyuma: katika nchi nyingi za Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa usiku mmoja machweo yanawahi saa nzima. Ijumaa ulirudi nyumbani unaliona jua, Jumatatu unarudi taa za barabarani zimewaka na madereva wote wanaokuzunguka nao hawajalizoea giza hilo. Siku hizo chache za mwanzo ndizo ninazozihofia kuliko Desemba. Desemba kila mtu ameshazoea.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, tazama saa za machweo za mahali ulipo, simu yako inazo, kisha weka alama kwenye tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ambayo machweo yataangukia katikati ya matembezi yenu ya sasa. Ya pili ni Jumatatu baada ya saa kubadilishwa. Kabla ya ile ya kwanza, matembezi yawe yamebadilishwa. Kabla ya ile ya pili, baiskeli ya kazini iwe imekamilika kwa taa.

Sasa niseme jambo ambalo huwa halieleweki upesi. Adui mkubwa wa msimu huu ni ule wakati wa magharibi, jua limeshazama na usiku haujaingia sawasawa. Usiku wenyewe una nafuu. Usiku, taa yako inaonekana kutoka mbali kwa sababu kila kitu kingine ni cheusi. Wakati wa magharibi anga bado lina weupe, taa yako inamezwa na weupe huo, na barabara kwa chini imeshakuwa nyeusi. Baadhi ya magari hayajawasha taa. Baadhi ya taa za mitaani hazijawaka. Jicho nalo linahama kutoka namna yake ya kuona mchana kwenda namna ya usiku, kazi inayochukua hadi nusu saa kukamilika, na katika kuhama huko rangi zinabadilika thamani. Nyekundu ndiyo inayowahi kufa: inageuka nyeusi huku kijani na buluu vikiendelea kuonekana. Mwanasayansi Purkyně aliliona hilo tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo koti lako jekundu zuri, ambalo saa kumi alasiri linaonekana toka mbali, magharibi ikiingia ni koti jeusi.

Kabla ya magharibi kuna jua lenyewe likiwa chini. Siku za karibu na mlingano wa usiku na mchana linachomoza mashariki hasa na kuzama magharibi hasa, kwa hiyo barabara zote zinazoelekea huko zinampiga mtu usoni, asubuhi na jioni. Kipimo ni kivuli chako. Kikiwa kirefu mbele yako, wanaokuja kukukabili ndio waliopofuka, na yeyote kati yao anayetaka kukata kona mbele yako huenda asikuone kabisa. Jua likiwa machoni mwako, waliopofuka ni walio nyuma yako. Hali hiyo ikikukuta kwenye barabara ya magari ya kasi, chukua mtaa wa sambamba hata kama unaongeza dakika tano. Na taa ya nyuma iwake ingawa ni mchana.

Umeuliza ununue nini kwanza. Taa ya nyuma, taa ya mbele, madigadi, glavu. Kwa mpangilio huo. Koti la gharama lije mwisho, au lisije kabisa.

Kwenye taa nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kuna taa ya kuonekana na taa ya kuonea, na si kitu kimoja. Kwenye barabara zako za kazini zenye taa za mitaani unahitaji kuonekana: lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 200 mbele zinatosha. Kule mtoni na msituni unahitaji kuona, na hapo nisingekwenda na taa ya chini ya lumeni 400. Lakini lumeni si kila kitu. Taa ya bei rahisi yenye lumeni elfu moja inayomwaga mwanga duara kama tochi itapoteza nusu ya mwanga huo kwenye matawi ya miti na machoni mwa watu. Tafuta taa ambayo mwanga wake umekatwa kwa juu kama wa gari, ukabaki chini barabarani.

Halafu ielekeze vizuri. Simamisha baiskeli mita tano kutoka ukutani. Kama taa iko sentimita 90 kutoka chini, kitovu cha mwanga ukutani kiwe kwenye sentimita 45, yaani nusu ya kimo cha taa. Kwa mwelekeo huo mwanga mkali utagusa ardhi mita kumi mbele yako na hautamchoma macho anayekuja. Anayepofushwa na taa yako ndiye huyo huyo unayemtegemea asikugonge.

Imetemete au itulie? Taa inayometameta huvuta macho, ila humpa dereva shida ya kukadiria uko umbali gani na unakwenda kwa kasi gani. Ninachopendelea ni iliyotulia, mbele na nyuma, usiku. Kumetameta nakuachia mchana na siku za ukungu mwepesi. Angalia pia sheria ya mahali ulipo: Ujerumani taa za baiskeli za kumetameta haziruhusiwi, Uingereza zinaruhusiwa, na Uingereza hiyo hiyo baiskeli ikiwa barabarani gizani inatakiwa iwe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, riflekta nyekundu nyuma na riflekta za rangi ya kaharabu kwenye pedali.

Taa za nyuma ziwe mbili. Ya mbele ikizima utajua papo hapo, ya nyuma ikizima hutajua mpaka ufike, kama utafika salama. Moja ifungwe kwenye baiskeli, ya pili kwenye begi au kofia. Na usiziamini saa zilizoandikwa kwenye boksi, mara nyingi ni za mwanga hafifu kuliko yote. Juu ya hapo, betri hizi hupungua nguvu baridi ikiingia. Kama una nia ya kuendesha miaka mingi, ipo dinamo ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, la mbele, kawaida volti 6 na wati 3, ambayo haihitaji kuchajiwa, na taa zake nyingi huendelea kuwaka dakika chache ukisimama kwenye makutano. Ghali kidogo mwanzoni. Ila sijaona kitu kinachomfanya mtu aendeshe majira yote kama kutowahi kuwaza kuhusu chaji.

Kuhusu nguo za kung'aa kuna mkanganyiko. Ile njano ya kijani ya mafundi wa barabara hung'aa kwa sababu inageuza miale ya urujuanimno ya jua kuwa mwanga unaoonekana. Kwa hiyo hufanya kazi nzuri mchana, na nzuri zaidi siku ya mawingu na wakati wa magharibi. Usiku hakuna miale hiyo, na koti lako linakuwa koti la kawaida. Usiku kinachofanya kazi ni riflekta, ambayo nayo ni bure mpaka taa ya gari iimulike. Unahitaji vyote viwili, na riflekta iweke miguuni: utepe kwenye vifundo vya miguu, riflekta kwenye pedali. Kitu kinachopanda na kushuka namna ile hakifanani na kitu kingine chochote barabarani, na dereva anatambua kwamba ni mtu kabla hata hajaona baiskeli. Mgongo wenye utepe unaweza kudhaniwa ni kibao cha alama.

Sasa barabara. Majani makavu hayana neno, isipokuwa yanaficha: shimo, ukingo wa barabara, jiwe, tawi. Majani yaliyolowa na kusagwa na magari ni habari nyingine. Yanageuka uji mwembamba uliobandikwa kwenye lami, na tairi haigusi lami tena, inagusa uji. Ubaya wake ni kwamba upepo wa magari huyasukumia pembeni, palepale tunapopenda kupita sisi wa baiskeli, na kwenye vichochoro vya baiskeli ambako hakuna gari la kuyapangua. Kwa hiyo msimu huu sogea kutoka ukingoni, kama mita moja, bila haya. Mbegu za mialoni zilizotapakaa njiani nazo zinateleza chini ya tairi jembamba kama golori, huko msituni mtazikuta.

Ukifika penye majani yaliyolowa, kila kitu kiwe kimeshafanyika kabla: breki umeshakamata, mwendo umeshapungua, kona umeshaipanua. Juu ya majani yenyewe baiskeli iwe wima, usukani umetulia, mikono haijakaza, hukanyagi kwa nguvu na hukamati breki. Kanuni hiyo hiyo itumie kwenye mifuniko ya chuma, michoro ya rangi barabarani, madaraja ya mbao na reli za tramu. Reli zivuke kwa pembe iliyo karibu na mraba kadiri unavyoweza. Na mvua ya kwanza baada ya siku nyingi za ukavu ndiyo mbaya, kwa sababu inaibua mafuta na vumbi vilivyojikusanya kwenye lami. Ikinyesha kwa muda, huviosha.

Ukitaka kujua mwendo gani ni salama, tumia hesabu hii. Kwa kilomita 20 kwa saa unakwenda mita tano na nusu kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kushika breki, mita tano na nusu zimeshapita kabla baiskeli haijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu breki nzuri zitakusimamisha ndani ya mita tatu hadi nne nyingine. Lami ikilowa, zihesabu mara mbili. Ukipandisha mwendo hadi 28, hiyo sehemu ya breki inakuwa maradufu tena, kwa sababu umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo. Kwenye majani yaliyolowa breki haisimamishi baiskeli, inafunga gurudumu tu. Sasa linganisha na taa: kama taa yako inakuonyesha njia vizuri mita 15 tu mbele, basi 20 kwa saa ndiyo dari yako kwenye njia ya mtoni, na penye majani ni chini ya hapo. Anayeendesha kwa kasi kuliko taa yake anaendesha amefumba macho sehemu ya njia.

Kama breki zako ni za kubana rimu, kumbuka kwamba rimu iliyolowa haishiki mara moja. Pedi zinaanza kwa kufuta maji, kisha ndipo zinabana. Kwenye mvua ziguse kidogo kidogo kila unapokaribia makutano, ziwe zimeshafutwa utakapozihitaji. Breki za diski zina nafuu kubwa hapa. Kwa vyovyote, pedi zitaisha upesi kuliko kiangazi kwa sababu ya mchanga, kwa hiyo zitazame.

Tairi: usidanganyike na wanaokuambia ununue tairi za meno makubwa ili zikate maji. Gari huelea juu ya maji kwa sababu tairi yake ni pana na bapa. Tairi ya baiskeli ni nyembamba, ya mviringo na imejazwa upepo mwingi, na ingebidi uvuke kilomita 100 kwa saa ndipo ianze kuelea. Kinachokupa mshiko kwenye lami yenye maji ni mpira laini, upana na upepo usiozidi. Kama fremu yako inaruhusu, panda kutoka milimita 28 kwenda 32 au 35, na siku za mvua punguza upepo kama moja ya kumi. Meno yana kazi kwenye tope la msituni tu. Pancha zitaongezeka, kwani maji huosha vigae vya chupa na kuvileta njiani, na mpira uliolowa hukatika kirahisi. Tyubu ya akiba, vyuma vya kufungulia tairi na pampu vikae kwenye begi muda wote. Jifunze kubadilisha tyubu sebuleni, taa ikiwa imezimwa. Sitanii.

Kuna siku moja tu ninayomwambia mtu yeyote aache baiskeli, nayo ni siku ya barafu. Utabiri ukisema nyuzi tatu au chini alfajiri, ardhi inaweza kuwa imeganda ingawa hewa haijafika sifuri, na madaraja huwahi kwa sababu hupoa juu na chini. Ziko tairi zenye vijino vya chuma kwa wanaoishi mahali pa barafu ya miezi. Kwa siku chache za Novemba, panda basi.

Mavazi nitayapitia haraka, maana hapa watu huogopa kupita kiasi. Katika nguvu yote mwili unayotumia kukanyaga, karibu robo tu ndiyo inayozungusha gurudumu, iliyobaki inatoka kama joto. Ukitoka nyumbani ukiwa vuguvugu, baada ya kilomita mbili utakuwa umelowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokupiga baridi ukisimama. Toka ukiwa unahisi ubaridi kidogo. Mikono, masikio na vidole vya miguu ndivyo visivyojipasha joto, kwa hiyo vifunike kwanza. Upepo wa mwendo wako nao uhesabu: kwa kilomita 20 kwa saa, nyuzi 10 mwili unazihisi kama 7, na nyuzi 5 kama moja. Fulana ya pamba iache kabatini, inanywa maji na kubaki nayo. Sufu nyepesi hukupa joto hata ikiwa na unyevu. Asubuhi na alasiri za msimu huu zinaweza kupishana kwa nyuzi 10 au zaidi, kwa hiyo nguo za kuvulia njiani ni bora kuliko koti moja zito.

Madigadi ziwe ndefu, za kufunika gurudumu, na ya mbele iwe na kipande cha mpira kinachoning'inia karibu na ardhi. Maji ya tairi la mbele ndiyo yanayolowesha miguu yako na kulisha mnyororo mchanga. Ya nyuma ni ustaarabu kwa rafiki yako anayekufuata. Mnyororo wenyewe ukilowa, ufute kwa kitambaa siku hiyo hiyo, mafuta yawe ya msimu wa mvua, tone moja kwa kila kiungo, kisha futa ya nje. Baiskeli usiioshe kwa maji ya presha, yataingia kwenye beringi.

Turudi kwenye matembezi. Ushauri wangu wa kwanza ni myaunganishe na kutoka kazini. Siku zile mbili usirudi nyumbani kula kwanza. Rafiki yako mkutane saa kumi na moja na nusu, mwende nyumbani kwa kuzunguka, chakula kije baadaye. Kwa kufanya hivyo tu mmejirudishia saa moja na nusu, na Septemba yote mtaendesha kwenye mwanga bila kununua kitu. Kuna faida ya pili ambayo mtu haioni mpaka ijaribiwe: ukishafika nyumbani, ukavua viatu na kula, jioni ya baridi ya Oktoba hutoki. Ukiwa tayari uko juu ya baiskeli, hakuna cha kuamua.

Oktoba ikisonga, kata njia. Badala ya mzunguko mmoja wa kilomita 25, fanyeni mzunguko wa kilomita tano au sita mara tatu, kwenye barabara zenye taa au njia mnayoijua. Utasema inachosha. Inachosha kidogo, lakini kwenye mzunguko wa kilomita tano hamko mbali na pa kuanzia zaidi ya kilomita mbili na nusu, na pancha au mvua au mtu kuchoka havigeuki kuwa mkasa. Siku ya upepo, anzeni kwa kuukabili, mrudi nao mgongoni mkiwa mmeshatoka jasho.

Njia ya mto na msitu ningeiacha kwa siku za kazi kuanzia katikati ya Septemba. Baridi hutelemka na kukaa mabondeni, ukungu huanzia mtoni, na taa yenye nguvu ndani ya ukungu hukurudishia ukuta mweupe. Kuna watu wanaotembea bila taa na mbwa waliofunguliwa kamba. Kuna kulungu pia, ambao baadhi yao kuanzia Septemba hadi Novemba wako kwenye msimu wa kupandana na huhangaika hasa alfajiri na magharibi. Akivuka mmoja mbele yako simama, mara nyingi wapo wengine nyuma yake. Lakini usiuache msitu kabisa, maana ndio wakati wake wa kupendeza. Moja ya jioni zile mbili ihamishieni Jumamosi, saa nne asubuhi, umande umekauka na mwanga uko juu. Kilomita zenu 25 zitawasubiri hapo, na mtaona rangi za majani ambazo saa moja jioni hamzioni.

Mwisho, rafiki yako na hiyo taa moja ya wawili. Akiwa nyuma yako, mwili wako unamkinga na mwanga, anaendesha ndani ya kivuli chako. Akiwa mbele, taa yako inamtupia kivuli chake mwenyewe kwenye njia anayotaka kuiona. Mkiwa sambamba, mwanga wako hauna upana wa watu wawili. Na hapo bado hatujataja nyuma. Ikitokea hana taa ya nyuma na yeye ndiye wa mwisho, dereva hataona chochote cha kumwonya. Ikiwa wewe ndiye wa mwisho, dereva ataiona taa yako, atakupisha wewe, kisha atarudi upande wake palepale alipo rafiki yako. Mwambie anunue taa ya nyuma wiki hii, ya mbele ikifuata. Mkishakuwa nazo, wa nyuma awashe yake yote, wa mbele apunguze ya nyuma ili asimuumize macho mwenzake, na mbadilishane nafasi mara mkiona mmoja ameanza kuachwa. Akikataa kununua, mwambie mtakutana Jumamosi saa nne.